Jicho Lililolaaniwa Ndilo Linaloona



Juma lililopita nilikuwa nikisahihisha zoezi la kiambishi -ki- cha masharti. Nilikuwa nimewataka wanafunzi watunge sentensi tano kila mmoja kutokana na mambo wanayoyajua katika maisha yao. Wengi waliandika kuhusu mvua na mavuno, karo na mitihani. Mmoja akaandika hivi: "Mgonjwa wa glakoma akipasuliwa, hupofuka."

Kisarufi sentensi hiyo haina kasoro. Kiambishi kiko mahali pake, hali ya mazoea imetumika ipasavyo, na alama zote nilimpa. Lakini maana yake ni uwongo, tena uwongo unaowapofusha watu. Sikutaka kumsahihisha mwanafunzi huyo kwa wino mwekundu pembeni mwa daftari, kwa kuwa sentensi hiyo si yake. Ameichukua nyumbani, sokoni, kwenye kituo cha bodaboda, na pengine kwenye benchi la zahanati. Makala haya ni jibu langu kwa wote waliomfundisha.

Ugonjwa tunaouzungumzia

Kabla hatujabishana, ni vyema tuelewane kuhusu jambo lenyewe. Glakoma, ambayo wengi wetu huiita presha ya macho, ni maradhi yanayoharibu neva ya jicho, yaani mshipa wa fahamu unaopeleka ubongoni habari za kile ambacho jicho limekiona. Neva hiyo ina nyuzi zaidi ya milioni moja. Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa bila kukoma, nayo hutoka kupitia vichujio vidogo vilivyo kwenye pembe ya mbele ya jicho. Njia hiyo ikiwa nzito au ikizibika, maji hujaa, shinikizo hupanda, na nyuzi za neva huanza kufa. Kwa watu wengi shinikizo hilo huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wapo ambao neva yao huharibika hata likiwa ndani ya mipaka hiyo.

Aina iliyoenea zaidi katika Afrika yetu haiumi. Haileti wekundu, haileti machozi, haimwamshi mtu usiku. Hula pembeni mwa uwanja wa kuona kwanza, ikiacha katikati kwa muda mrefu. Mtu huendelea kusoma gazeti na kumtambua jirani yake kwa mbali, huku pembeni pakizidi kufifia, hata akabaki kama mtu anayechungulia dunia kupitia tundu la ufunguo. Afikapo hospitali, si ajabu jicho moja likawa limekwisha kupofuka na la pili likawa katika hatua ya juu. Hiyo ndiyo glakoma iliyokomaa, nayo ndiyo hasa ninayoizungumzia leo.

Naomba mlishike jambo moja, kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake: nyuzi za neva zilizokufa hazifufuki. Hakuna dawa, wala kisu, wala mwale wa leza unaoweza kuzirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Tiba yote ya glakoma, iwe ya matone, ya leza au ya upasuaji, ina kazi moja tu: kushusha shinikizo ili nyuzi zilizobaki zisife.

Wala huu si ugonjwa wa watu wachache wa mbali. Utafiti uliofanywa wilayani Kongwa, katikati ya Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwakuta na glakoma takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Hesabuni wazee wa kijiji chenu, kisha mjiulize ni wangapi waliowahi kupimwa.

Habari za mjomba wangu

Mjomba wangu alikuwa mfanyabiashara wa ndizi hapa magharibi mwa Uganda. Alikuwa na gari dogo la mizigo aliloliendesha mwenyewe. Siku moja alimgonga mbuzi wa jirani aliyekuwa akivuka kutoka kushoto, na akaapa mbele ya watu kwamba mbuzi yule hakuwapo barabarani. Alimlipa jirani, akamlaumu mchungaji, akaendelea na safari zake. Miezi michache baadaye akagonga nguzo ya lango lake mwenyewe. Hapo ndipo mkewe alipomlazimisha kwenda kupimwa macho.

Aliambiwa kwamba ana glakoma iliyokomaa katika macho yote mawili, na kwamba afadhali apasuliwe, jicho la kulia kwanza na la kushoto baadaye. Maelezo hayo yalitolewa kwa Kiingereza, ukumbini, kwa haraka, akaelezwa mwanawe badala ya mgonjwa mwenyewe. Mwana naye akamfasiria baba yake kwa maneno manne: "Baba, watakutengeneza jicho lako."

Mjomba akakubali. Akapasuliwa jicho la kulia. Kwa majuma kadhaa aliona ukungu, kisha ukungu ukaondoka, naye akaona kama alivyokuwa akiona kabla: kidogo, katikati tu. Akakasirika sana. Alitarajia jicho lililotengenezwa, akapewa jicho lile lile. Akatangaza katika ukoo mzima kwamba amechezewa. Akakataa katakata kulipeleka jicho la kushoto, na chupa ya matone aliyopewa kwa ajili ya jicho hilo ilipokwisha, hakununua nyingine.

Leo ni mwaka wa sita. Jicho la kushoto, ambalo hakuna kisu kilicholigusa, limezimika kabisa tangu mwaka wa nne. Jicho la kulia, lile alilolilaani, bado lina dirisha lake dogo. Kwa dirisha hilo anahesabu noti zake, anawatambua wajukuu wake, na anatembea hadi kwenye migomba bila kushikwa mkono. Hata hivyo, mgeni akimuuliza, humwonyesha jicho la kulia na kusema, "Hili ndilo walilonipasua bure."

Wanafunzi wangu, mimi simcheki mjomba. Yeye anasema kweli kwa kadiri alivyoelezwa. Kosa liko kwa waliomwacha aingie katika chumba cha upasuaji akitarajia jambo ambalo hakuna daktari duniani awezaye kulitimiza.

Mizani isiyofaa

Kwa nini watu wengi huuona upasuaji wa glakoma kuwa umeshindwa hata pale ulipofanikiwa? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu tunaupima kwa mizani ya ugonjwa mwingine, yaani mtoto wa jicho.

Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi. Daktari huitoa lenzi iliyochafuka, huweka lenzi bandia, na kesho yake bandeji ikiondolewa mgonjwa huona. Watu hushangilia, bibi huimba, wapiga picha huja. Kambi nyingi za macho zinazotangazwa redioni huwa za mtoto wa jicho, nazo hufanya kazi njema ambayo siibezi hata kidogo. Lakini zimetufundisha kwamba upasuaji wowote wa jicho ni upasuaji wa kurudisha kuona. Glakoma haina siku ya namna hiyo. Upasuaji wake ukifanikiwa kikamilifu, mgonjwa ataona leo kama alivyoona jana, na mwakani kama alivyoona leo. Nani ataimba kwa ajili ya jambo ambalo halikutokea?

Hapa lugha yetu inaweza kutusaidia, kama tutaitumia kwa uangalifu. Kiswahili kina kitenzi kuponya, yaani kumrudishia mtu afya aliyoipoteza. Kina kutibu, yaani kumshughulikia mgonjwa kwa dawa au njia nyingine, apone asipone. Na kina kunusuru, yaani kukiokoa kisipotee kile ambacho bado kipo. Upasuaji wa mtoto wa jicho huponya. Upasuaji wa glakoma hunusuru. Lau yule kijana angalimwambia baba yake, "Watajaribu kukunusuria kuona kulikobaki, kulikopotea hakutarudi," mjomba angalijua la kutarajia, na nina hakika asingalikataa kupasuliwa jicho la pili. Tazameni gharama ya kitenzi kimoja kilichokosewa.

Kisu hufanya nini hasa?

Nimesikia mengi: kwamba daktari hukata neva, kwamba jicho hung'olewa, likaoshwa na kurudishwa. La hasha! Upasuaji unaotumika zaidi kwa glakoma iliyokomaa huitwa trabekulektomi. Ulielezwa na daktari wa Uingereza, J. E. Cairns, mwaka 1968, na ingawa umeboreshwa tangu hapo, msingi wake haujabadilika. Daktari hufungua kijilango kidogo katika weupe wa jicho, hutoboa tundu chini yake, kisha hushona kijilango kile kwa kulegeza ili maji yapenye polepole. Maji hukusanyika chini ya utando mwembamba unaofunika weupe wa jicho, yakafanya lengelenge dogo lililojificha chini ya kope la juu, na kutoka hapo hunyonywa na mwili. Neva haiguswi. Ni kama mkulima anayechimba mfereji mpya shambani baada ya ule wa zamani kuziba.

Adui mkubwa wa mfereji huo ni kovu. Mwili hutaka kuziba kila jeraha, na wagonjwa wenye asili ya Kiafrika huelekea zaidi kupata kovu zito. Ndiyo maana madaktari hupaka dawa kama mitomaisini wakati wa upasuaji ili kupunguza kovu, na ndiyo maana mgonjwa hutakiwa kurudi hospitali mara nyingi katika majuma ya mwanzo. Anayepasuliwa kisha asirudi amefanya nusu ya tiba.

Ushahidi unasemaje?

Nimewasimulia habari za mjomba, lakini habari za mtu mmoja si ushahidi. Huenda jicho lake la kulia lingebaki hivyo hata bila kisu, nani ajuaye? Ili kujua, ni lazima wagonjwa wengi wagawanywe kwa kura katika makundi mawili, kundi moja lipasuliwe, jingine lipewe matone, kisha wote wafuatiliwe kwa miaka. Utafiti wa namna hiyo umefanyika.

Nchini Uingereza, wagonjwa 453 waliogunduliwa kwa mara ya kwanza wakiwa na glakoma iliyokomaa waligawanywa kwa kura katika vituo 27. Matokeo ya miaka 2 yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la kitabibu la BMJ. Shinikizo la waliopasuliwa lilikuwa wastani wa milimita 12.4; la waliopewa matone lilikuwa 15.1. Na je, waliopasuliwa walipofuka kama mwanafunzi wangu alivyoandika? Hapana. Walipoulizwa kuhusu maisha yao, yaani kusoma, kutembea, kupika na kutegemea wengine, majibu ya makundi mawili yalilingana. Hata madhara yaliyoandikwa yalikaribiana: takriban watu 4 katika kila 10 katika kila kundi walipata tatizo fulani, dogo au kubwa. Wagonjwa hao walipofuatiliwa hadi miaka 5, shinikizo la waliopasuliwa lilikuwa bado chini, karibu milimita 12 dhidi ya karibu 15, na walikuwa wachache zaidi miongoni mwao ambao uwanja wao wa kuona uliendelea kusinyaa.

Mtu atauliza: milimita 3 ni kitu gani? Utafiti mwingine, ulioanza Marekani mwaka 1988 na kuwafuatilia wagonjwa wa glakoma iliyokomaa kwa miaka mingi, unatupa mwanga. Macho ambayo shinikizo lake lilibaki chini ya milimita 18 katika kila ziara, wastani wake ukiwa kama milimita 12, hayakuonyesha kupungua kwa uwanja wa kuona, kwa wastani, katika miaka 6 na zaidi. Yale ambayo shinikizo lake lilipanda na kushuka yaliendelea kupoteza. Kwa mtu aliyebakiwa na tundu la ufunguo tu, milimita 3 zinaweza kuwa ndizo tofauti kati ya kujiongoza na kuongozwa.

Pingamizi na majibu yake

Wapo watakaosema, "Huo utafiti wako wenyewe unaonyesha kwamba maisha ya makundi yote mawili yalilingana. Basi matone yanatosha, kisu cha nini?" Hoja hii ina uzito, nami sitaikwepa. Lakini angalieni jinsi matone yalivyotumika kule. Mgonjwa wa Uingereza hupimwa mara kwa mara, huongezewa dawa ya pili na ya tatu inapohitajika, na akiwa na umri wa miaka 60 au zaidi katika England, hailipii dawa hiyo akiandikiwa na daktari. Aidha, baadhi ya waliopangiwa matone waliishia kupasuliwa matone yaliposhindwa. Je, mkulima wa migomba anayesafiri nusu siku kwenda kununua chupa moja ya timololi, ambaye huacha kuitumia karo ya shule inapodaiwa, anatumia "matone" yale yale? Neno ni moja, tiba ni mbili tofauti. Isitoshe, timololi yenyewe haiwafai watu wenye pumu, na wengi huipokea dirishani bila kuulizwa kama wana pumu.

Wengine watasema, "Huo ni utafiti wa Wazungu, sisi miili yetu ni tofauti." Ni kweli kwamba kovu letu ni gumu zaidi, na nimekwisha kulikiri. Basi na tutazame nyumbani. Mjini Moshi, Tanzania, katika hospitali ya KCMC, wagonjwa 201 wa glakoma waligawanywa kwa kura, wengine wakapewa timololi na wengine wakatibiwa kwa leza inayosafisha vichujio vya jicho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa katika macho 61 kati ya kila 100 yaliyotibiwa kwa leza, na katika macho 31 tu kati ya kila 100 yaliyotegemea matone. Huu haukuwa utafiti wa kisu, na leza nayo ilishindwa katika macho mengi. Lakini unatuambia jambo ambalo hatuwezi kulikwepa tena: katika mazingira yetu, chupa ya matone peke yake haikutosha kwa walio wengi. Anayekataa kisu kwa sababu "matone yapo" na ajibu swali hili la Moshi.

Wa tatu watasema, "Mimi nimemwona kwa macho yangu mtu aliyepasuliwa akapofuka." Siwaiti waongo. Upasuaji huu una hatari zake, na anayezificha ni adui wa hoja yangu, si rafiki. Shinikizo linaweza kushuka kupita kiasi. Mtoto wa jicho anaweza kuja mapema. Vijidudu vinaweza kuingia katika lengelenge hata miaka kadhaa baadaye, ndiyo maana mtu aliyepasuliwa akiona jicho linakuwa jekundu, linauma au linatoa usaha, hana budi kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Mara chache sana, mgonjwa aliyebakiwa na kuona kidogo mno hukupoteza ghafla baada ya upasuaji. Lakini jiulizeni: yule mliyemwona, alipasuliwa akiwa katika hatua gani? Tumejizoesha kukimbilia kisu wakati jicho limebakiza majuma machache, kisha giza likiingia tunakilaumu kisu. Mtu akiiacha nyumba iungue mpaka paa, halafu azimamoto wafike, haifai kusema kwamba maji ndiyo yaliyoiteketeza.

Lawama halali iende kwa nani?

Hadi hapa nimewasema wagonjwa na majirani zao. Haitakuwa haki nikiishia hapo, kwa sababu uvumi hustawi pale habari za kweli zinapokosekana, na wenye wajibu wa kutoa habari hizo wanajulikana.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, katika malengo yake ya kitaifa, inaitaka Serikali ichukue hatua zote zinazowezekana ili wananchi wapate huduma za msingi za matibabu. Ibara ya 41 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali na vyombo vyake, isipokuwa zile zinazohatarisha usalama wa nchi au faragha ya mtu. Na tangu marekebisho ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii. Tunayakariri haya darasani kwa ajili ya mitihani. Nauliza: yana kazi gani mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji?

Mimi naona yana kazi tatu. Kwanza, mgonjwa aelezwe yeye mwenyewe, kwa lugha anayoielewa, iwe Kinyankole, Kiganda, Kiswahili au nyingine. Saini iliyowekwa chini ya karatasi ambayo mtu hakuielewa si ridhaa. Anapaswa aambiwe mambo manne: kilichopotea hakirudi, tunapigania kilichobaki, hatari ni hizi, na utarudi hapa mara nyingi.

Pili, hospitali za umma zihesabu matokeo yake na kuyatangaza bila majina ya wagonjwa. Ni wangapi waliofanyiwa upasuaji wa glakoma mwaka jana? Ni wangapi waliorudi baada ya mwaka mmoja? Shinikizo lao lilikuwaje? Wangapi walipoteza kuona? Tukiwa na majibu, uvumi utakosa pa kukaa. Tusipokuwa nayo, mjomba wangu ataendelea kuwa ndiye takwimu pekee ya kijiji kizima. Na kama matokeo ya mahali fulani ni mabaya, hiyo ni sababu kubwa zaidi ya kuyatangaza, ili waliopata mafunzo hafifu wafunzwe na penye uhaba wa vifaa paletewe vifaa.

Tatu, anayesimamia afya ya wilaya asihesabu mafanikio ya huduma za macho kwa idadi ya mtoto wa jicho peke yake. Kile kisichohesabiwa hakitengewi fedha, na kisichotengewa fedha hufika kwa mgonjwa kama chupa moja ya matone na maneno "rudi baada ya miezi sita".

Ninyi mfanye nini?

Ninyi ni vijana, na macho yenu huenda ni mazima. Lakini mna wazazi. Glakoma hufuata ukoo: mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye nayo yumo katika hatari iliyo kubwa mara kadhaa kuliko mwingine. Basi mwambieni kila mtu wa nyumbani mwenu aliyefikisha miaka 40 akapimwe shinikizo na neva ya jicho, si kusoma herufi ukutani tu, kwa maana mgonjwa wa glakoma anaweza kuzisoma herufi zote. Anayetumia matone asiyaache kwa sababu ya makala haya. Ayatumie, na amuulize daktari wake kama bado yanatosha. Aliyeshauriwa kupasuliwa asikimbie, wala asikubali kama kipofu. Aulize maswali mpaka aelewe. Na ninyi mnaojua lugha mbili au tatu, siku mtakapoitwa ukumbini kumfasiria mzee maneno ya daktari, msifupishe. Msiseme "watakutengeneza".

Jumatatu tutaanza somo jipya, kiambishi -sipo-, ambacho ni kanusho la -ki-. Nimemwomba mwanafunzi yule aiandike upya sentensi yake kwa kiambishi hicho, naye ameandika: "Mgonjwa wa glakoma asipotibiwa mapema, hupofuka." Hiyo ina sarufi na ina ukweli. Wahenga nao walilijua somo hili zamani: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa jicho, hata huo ukuta haujengeki.

Maswali ya mjadala darasani

1. Eleza tofauti ya matumizi ya vitenzi kuponya, kutibu na kunusuru. Tunga sentensi moja kwa kila kimoja kuhusu afya.

2. "Ridhaa ya mgonjwa asiyeelewa lugha ya daktari si ridhaa." Jadili ukiunga mkono au ukipinga.

3. Andika barua rasmi kwa mganga mkuu wa wilaya yako ukiomba habari kuhusu huduma za glakoma. Taja haki unayoitegemea.